Meza ya Magic hapa Mwanjelwa: wanavyoamua kadi za kupiga marufuku

Mgahawa huu wa Mwanjelwa, jijini Mbeya, hutenga meza mbili kila Jumamosi kwa wachezaji wa mchezo wa kadi wa Magic: The Gathering, wa mtindo wa Commander, ambao kila mmoja huja na fungu la kadi 100 na kuanza na uhai 40. Chai ya tangawizi ni nzuri. Kilichonivutia zaidi ni namna wanavyoamua kadi zipi zipigwe marufuku.

Orodha rasmi wanaifuata, ikiwemo Mana Crypt na Jeweled Lotus zilizozuiwa Septemba 2024, ila hawaishii hapo. Kadi inayolalamikiwa huchezwa kwa majuma matatu, kisha mwenye kadi husikilizwa kwanza kabla ya wengine kunyoosha mikono. Nilishuhudia ikijadiliwa Armageddon, ambayo huteketeza ardhi zote mezani, yaani kadi zinazotoa mana, nguvu ya kulipia kadi nyingine: kijana aliyeitumia alijitetea vizuri, lakini wenzake watatu walikuwa wamekaa karibu saa nzima wakivuta kadi wasizoweza kuzilipia, vikombe vimepoa mbele yao, nao wakaiondoa. Nakubaliana nao kabisa, kwa kuwa kosa la kadi si kushinda bali ni kuwanyima wengine mchezo.

Kwa kipimo hichohicho, Sol Ring, inayogharimu mana moja na kurudisha mbili kila zamu, ilistahili angalau kujadiliwa.

Dosari kubwa ni kwamba maamuzi hayaandikwi popote. Mgeni aliyepanda Coaster kutoka Tukuyu aliambiwa akiwa ameshakaa kwamba kadi yake hairuhusiwi. Karatasi moja ukutani ingetosha.