Taarifa ya M-Pesa kwa madai ya safari za kazi: inafaa, ila si kwa kila kitu

Ukitumwa Kisumu au Garissa kikazi, taarifa hii, yaani orodha ya miamala yako ya M-Pesa, huokoa sana unapomdai mwajiri gharama: tarehe, saa, namba ya muamala, na ada ya kutuma ikiwa kwenye mstari wake. Wengi husahau kuidai hiyo ada. Udhaifu ni kwamba haisemi ulinunua nini. Ukimlipa kondakta kwa namba yake binafsi, mhasibu ataona jina la mtu tu, kwa hiyo andika safari kando siku hiyo hiyo. Malazi, usijaribu kuyadai kwa taarifa hii: omba ankara ya eTIMS (mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi, KRA) yenye PIN ya kampuni, yaani namba yake ya mlipakodi, kwani tangu Januari 2024 gharama isiyo nayo kwa kawaida haikubaliki kwenye kodi. Chapisha kurasa za safari pekee. Mhasibu hahitaji kujua habari za Fuliza yako, ile mikopo midogo ya M-Pesa.