Baiskeli ya Safari na Vifaa vya Kambi: Uchambuzi Kutoka Barabara ya Dodoma hadi Mtera

Ndugu watazamaji, karibuni. Leo ninachambua baiskeli ya safari pamoja na vifaa vya kambi nilivyovibeba juu yake, kwa kadiri vilivyonihudumia katika mwendo wa siku nzima kutoka mjini Dodoma hadi bwawa la Mtera, kwenye barabara kuu inayoelekea Iringa, umbali wa takriban kilomita 120. Vyote nimevinunua kwa fedha zangu, na kwa kuwa vingi vimetoka kwenye mitumba, nitazungumzia aina ya kifaa badala ya jina la mtengenezaji, ili kila mmoja wenu aweze kutafuta cha kufanana nacho mahali alipo.

Ni haki mfahamu kwanza kipimo ninachokitumia. Video nyingi za baiskeli za safari husifu wepesi: fremu ina gramu ngapi, hema lina gramu ngapi, hata kijiko kina gramu ngapi. Katika nyanda kame za katikati ya Tanzania ninapima kwa swali jingine, nalo ni hili: kifaa hiki kikiharibika saa nane mchana kati ya vijiji vya Mpunguzi na Mlowa Barabarani, nani atakitengeneza, na kwa kutumia nini? Mwenye kulijibu swali hilo kabla ya kutoa fedha mfukoni atanunua vitu tofauti kabisa na vile vinavyosifiwa.

Nianze na baiskeli yenyewe. Fremu yake ni ya chuma, nayo ni nzito kuliko ya aluminiamu, na uzito huo unausikia kwenye mapaja kila barabara inapopanda. Hata hivyo ndiyo ninayoipendekeza, kwa sababu chuma kikipata ufa, fundi anayechomelea mageti na madirisha kwenye senta yenye umeme anaweza kukiunga siku hiyohiyo, ilhali aluminiamu inahitaji mashine na ujuzi ambao ni nadra kuupata nje ya mji. Magurudumu ni ya inchi 26. Wakazi wengi wa vijiji hivi hutumia baiskeli za chuma za kubebea mizigo, zikiwemo za Phoenix kutoka China, ambazo magurudumu yake ni ya inchi 28, na vijana hupenda zile za milimani zenye inchi 26. Kwa hiyo tairi, tyubu na spoku za saizi hizo mbili ndizo utakazozikuta zimening'inizwa kwenye duka la kijijini. Baiskeli nyingi mpya za bei kubwa zina magurudumu ya inchi 29, ambayo kwa kweli hupita vizuri sana kwenye mashimo na mchanga, lakini tairi lake likichanika huku itakubidi usubiri basi la kurudi mjini.

Chunguzeni pia vali. Ya kwangu ni ile inayofanana na ya gari na pikipiki, kwa hiyo pampu ya kijana yeyote wa bodaboda inaikubali. Breki ni za waya, si za mafuta, na waya wa breki unauzwa hata penye meza moja ya vipuri chini ya mti. Gia sina neno nazo: zinaingia, zinatoka, na ile nyepesi kuliko zote inatosha kupandia kilima ukiwa na mzigo.

Sasa nifike kwenye miiba, na hapa naomba mnivumilie, maana ndipo safari nyingi za baiskeli mkoani Dodoma zinapokwama. Mbigili ni mmea mdogo unaotambaa ardhini, wenye maua ya njano, ambao tunda lake likikauka hupasuka vipande vyenye miiba migumu. Na namna kipande hicho kinavyotua, daima mwiba mmoja hubaki umeelekea juu. Mvua za Dodoma hunyesha msimu mmoja tu, takriban kuanzia Desemba hadi Aprili, kwa hiyo kuanzia Juni, wakati hali ya hewa inapopendeza kwa safari, mbigili nayo huwa imekauka na kusambaa. Hukaa pembezoni mwa lami, kwenye mapito ya ng'ombe na kwenye viwanja vya wazi, yaani palepale mwendesha baiskeli anapokimbilia basi linapopiga honi nyuma yake. Kisha kuna mgunga, ambao matawi yake hukatwa na kukokotwa ili kuzungushia mazizi. Kijiti kimoja kikidondoka njiani, mwiba wake ni mrefu kuliko unene wa tairi lolote ninalolifahamu.

Tairi nililofunga lina upana wa inchi mbili na kashata nene, na ndani yake, kati ya tairi na tyubu, nimeweka ukanda uliokatwa kutoka tyubu kuukuu, kazi ambayo fundi baiskeli yeyote anaifahamu na ambayo haihitaji kuagiza chochote. Ndani ya tyubu nimemimina ile gundi ya majimaji inayoziba matundu madogo gurudumu linapozunguka. Baada ya safari hii hukumu yangu ni kwamba ukanda ule wa bei ya chini umefanya kazi kubwa kuliko gundi ya bei ya juu. Gundi inaushinda mwiba wa mbigili bila shida. Unauchomoa, unazungusha gurudumu, upepo unakoma kutoka. Lakini mwiba wa mgunga ukiingia ubavuni, gundi hububujika nje, na baada ya hapo kubandika kiraka ni kazi ngumu, kwa kuwa solusheni haishiki mpaka tyubu isafishwe na kukauka kabisa. Joto nalo huikausha gundi hiyo miezi inavyopita, kwa hiyo anayeitumia anapaswa kuiongeza mara kwa mara. Kama fedha zako zinatosha kimoja tu, chukua ukanda, tyubu mbili za akiba na viraka vya kutosha, kisha jizoeze kukagua tairi kila unaposimama, kwa sababu mwiba unaochomolewa mapema haujafika kwenye tyubu.

Keria ni ya chuma tupu, ya aina inayobebea magunia ya mkaa na madumu ya maji, na imefungwa kwa boliti za kawaida. Nimeiona imetulia siku nzima bila kuyumba. Kuhusu mifuko ya pembeni nina mashaka. Kitambaa chake ni kizuri, hakiingizi vumbi, lakini kulabu zake ni za plastiki, na moja ilianza kupasuka kabla ya kijiji cha Fufu kwa mtikisiko wa matuta. Nikaifunga kwa mpira wa tyubu, na ukashika mpaka mwisho wa safari. Madumu mawili ya lita 20 yaliyokatwa mdomo na kufungwa ubavuni mwa keria yangefanya kazi hiyohiyo kwa gharama ndogo sana, na jioni yangekuwa viti.

Nije kwenye maji, kwa maana hakuna kifaa nilichokibeba chenye uzito unaolingana nayo. Mtu anayeendesha kwenye joto huhitaji kati ya nusu lita na lita moja kwa saa, na kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, ambao ni mwendo wa kweli kwa baiskeli yenye mzigo, safari hii ni ya saa nane za kukanyaga pedali bila kuhesabu mapumziko. Hesabu hiyo inakupa lita nne hadi nane, yaani kilo nne hadi nane, kabla hujapika wala kunawa. Chupa mbili za kwenye fremu hazitoshi. Nilibeba dumu la lita tano nyuma, juu ya keria, na chupa mbele, nikijaza kila nilipokuta bomba. Visima vingi virefu vya Dodoma hutoa maji yenye chumvichumvi; ni ya kunywa, wenyeji wanayanywa, lakini asiyeyazoea huona hayakati kiu. Vidonge vya klorini vinavyouzwa kwenye maduka ya dawa huua vijidudu, havipunguzi chumvi, kwa hiyo ni vyema kubeba ndimu au unga wa ubuyu wa kutia kwenye chupa. Ubuyu ninausifu kwa moyo wote: unapatikana hapahapa, una vitamini C kwa wingi, na uchachu wake huamsha hamu ya kunywa mchana ule ambao maji ya vuguvugu yanakinaisha.

Jambo ambalo ramani haikuambii ni upepo. Mji wa Dodoma uko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100 na bwawa la Mtera liko karibu mita 700, kwa hiyo kwa jumla unashuka, na mtu anaweza kudhani kwamba ni siku ya mteremko. Lakini kuanzia Juni hadi Septemba upepo wa kutoka mashariki na kusini-mashariki huvuma kwa nguvu, nawe unaelekea kusini, kwa hiyo unakupiga usoni na ubavuni. Mifuko mipana huukamata upepo huo kama tanga. Anayetaka kuufaidi mteremko aondoke alfajiri, mara tu kunapopambazuka, na apumzike saa za jua kali chini ya mbuyu au kwenye mgahawa wa kijijini. Ugali wa uwele kwa mlenda ndicho chakula cha safari kuliko biskuti zote nilizobeba, kwa kuwa unakaa tumboni mpaka jioni. Na tafadhali vaeni kizibao cha kuakisi mwanga na kufunga kioo cha kutazamia nyuma kwenye usukani. Barabara hii inapitisha mabasi na malori, na kioo hicho ni kifaa cha usalama kama ilivyo kofia ngumu.

Kuhusu jiko nitasema machache. La spiriti ni jepesi na halina kitu cha kuharibika, lakini bila kizuizi cha upepo halichemshi hata chai. Majiko ya vimtungi vidogo vya gesi vya kufunga kwa skrubu yanafaa kwa anayeishi mahali vinapouzwa vimtungi hivyo, na kwenye barabara hii sikuviona popote.

Hema ndilo lililonifurahisha kuliko vifaa vyote vya kambi, na sababu yake ni ndogo: linasimama lenyewe kwa nguzo zake mbili zinazopishana, bila kutegemea vigingi. Ardhi ya huku wakati wa kiangazi ni ngumu mno, kigingi chembamba cha aluminiamu hupinda kabla hakijaingia nusu. Ukuta wake wa ndani ni wavu mtupu, unaozuia mbu na kupitisha hewa, na usiku wa Julai, ambao mjini Dodoma unaweza kushuka hadi nyuzi 13 hivi, ulihitaji blanketi moja tu; huko chini Mtera ni joto zaidi. Sakafu yake ni nyembamba, kwa hiyo chini nilitandika turubai baada ya kufagia miiba, na asiyefanya hivyo ataharibu godoro la upepo usiku wa kwanza.

Mahali pa kulisimamisha hema hilo hapachaguliwi kwa macho peke yake. Kijiji kina uongozi, na mgeni anayetaka kulala anapaswa kufika kwa mwenyekiti au mtendaji wa kijiji, ajitambulishe, aandike jina lake kwenye kitabu cha wageni na aombe kuonyeshwa mahali. Salamu ya Kigogo, "mbukwenyi", hufungua mazungumzo haraka kuliko maelezo yoyote kuhusu baiskeli. Mara nyingi utaelekezwa kwenye uwanja wa shule, wa kanisa au ua wa familia, na hapo usalama wa mali yako unakuwa jukumu linalofahamika na watu wote. Msisimamishe hema kwenye korongo hata likiwa kavu na lenye mchanga laini unaovutia, kwa maana mvua ikinyesha mbali, maji hufika kwa ghafla. Na Mtera, kaeni mbali na ufuko: bwawa lina mamba na viboko, na kiboko hutoka majini usiku kwenda malishoni, akipita njia yake ileile bila kujali kilichosimamishwa juu yake. Asubuhi kung'uteni viatu kabla ya kuvivaa, kwa sababu nge hupenda kujificha ndani yake.

Kwa anayeanza, ushauri wangu wa matumizi ya fedha ni kwamba aweke sehemu kubwa kwenye magurudumu na tairi, kisha hema lenye wavu, na mifuko iwe ya mwisho kabisa. Kama hutaki kurudi kwa baiskeli ukipanda zile mita 400 na ushee, mabasi ya Iringa na Dodoma hupita hapa. Patana nauli ya baiskeli kabla haijapakiwa, toa dumu na chupa, na shusha tairi upepo kidogo kwa sababu ya joto la buti. Kulabu za mifuko nitazibadilisha kwa za chuma zilizokunjwa na fundi, nami nitazijaribu kwenye njia ya vumbi inayopanda kutoka kijiji cha Kolo kwenda kwenye michoro ya miambani ya Kondoa, ambako mtikisiko ni mkubwa kuliko wa lami hii, kisha nitawaonyesha zilivyotoka.