Timer au ScheduledThreadPoolExecutor kwa kazi za kujirudia

Programu ya ghala la mkonge jijini Tanga, inayosoma mizani kila baada ya sekunde 10 na kumtumia meneja ripoti kila jioni, inaweza kuandikwa kwa lugha ya programu ya Java kwa kutumia mojawapo ya zana zake mbili za kupanga ratiba: Timer, iliyokuwamo tangu toleo la 1.3, au ScheduledThreadPoolExecutor, iliyoingia na Java 5 mwaka 2004.

Timer ni rahisi kuielewa, lakini kazi zake zote hupita katika uzi mmoja (thread, yaani njia moja ya utekelezaji inayofanya kazi moja baada ya nyingine), hivyo ripoti ikikwama dakika 2 kwa sababu ya mtandao, usomaji wa mizani nao husubiri. Kibaya zaidi, kazi moja ikitoa hitilafu isiyodakwa (isiyoshughulikiwa na msimbo wake), uzi huo hufa pamoja na ratiba nzima, na mizani haisomwi tena mpaka programu iwashwe upya. Aidha, Timer hufuata saa ya kompyuta, kwa hiyo saa ikirekebishwa ratiba huyumba.

ScheduledThreadPoolExecutor inaweza kupewa nyuzi kadhaa, na hupima muda uliopita bila kujali saa inasema nini. Hitilafu husimamisha kazi husika peke yake, ingawa huisimamisha kimyakimya, jambo ambalo kwa maoni yangu ni la hatari. Ndiyo maana nasisitiza kila kazi iwekwe ndani ya try na catch, amri za Java za kudaka hitilafu, na hitilafu iandikwe kwenye logi, yaani kumbukumbu za programu. Kwa mizani ningechagua scheduleWithFixedDelay, ambayo huanza kuhesabu baada ya kazi kumalizika, kuliko scheduleAtFixedRate, ambayo ikichelewa hufululiza usomaji uliolimbikizana bila kupumzika. Timer ningeiachia programu ndogo yenye kazi moja tu.