Nyumba ya zamani inauzishwa mu Kamalondo: nilichoona ku ukuta, juu ya plafo na mu makaratasi

Kwa wale wenye haraka niseme mapema: nyumba yenyewe nimeipenda, bei yao hapana, na makaratasi yao yananitia baridi. Wengine mukae, nieleze.

Iko Kamalondo, si mbali na stade ya mpira ya TP Mazembe, mjini kati unafika kwa miguu bila kutoka jasho, na hiyo njo kitu unalipia pale kuliko vyote, usidanganyike ni rangi ya ukuta. Kamalondo njo cité (mtaa) ya zamani kupita zingine zote mu Lubumbashi, na mji wenyewe ulianza 1910, kwa hiyo malupango (viwanja) ni madogo, nyumba zimebanana, na kila kipande kilichobaki wazi watu walishajenga anexe, kijumba cha kupangisha. Hii nayo ni vile vile: vyumba vitatu, salon ndogo, barza ya mbele yenye nguzo mbili, jikoni na tuwaleti viko nje, na nyuma kuna anexe mbili zenye lokateri (wapangaji). Wenye kuuzisha wanasema baba yao aliipata miaka ya 50. Ukiangalia ile barza na upana wa ukuta unaamini.

Tuanze na ukuta maana njo penye watu wengi wanakosea kuangalia. Matofali ni ya kuchoma, ya udongo wa kichuguu kama yote ya zamani hapa kwetu, na yalichomwa sawasawa, ukigonga moja na nyundo linalia kama kengele, si kama hizi za sasa zenye zinabomoka ukizishusha tu ku gari. Ukuta mnene, chumba kinabaki baridi hata mwezi wa kumi jua ikiwa kali. Lakini kilichoshika hayo matofali ni hadithi ingine. Pembeni ya dirisha ya jikoni lipu imeanguka, nikachukua funguo yangu nikakwaruza katikati ya tofali na tofali, ikaingia bila nguvu, kikatoka udongo mwekundu mtupu, sima (saruji) hata kidogo hakuna. Fundi nilienda naye akacheka: "Yaya, usiogope, zote za wakati ule bilijengwa vile, na bingali bimesimama." Ni kweli. Udongo ukiwa mkavu unashika hata miaka mia. Ukilowana kila mwaka, hapo ukuta unaanza kutembea. Kwa hiyo kwa nyumba ya namna hii usiulize sana kama ukuta ni nguvu, uliza maji inaingia wapi, juu ao chini.

Nyufa ziko, moja kubwa inatoka ku kona ya dirisha ya salon inapanda upande mpaka juu. Kaka mkubwa wa familia akaharakisha kusema "ile ni ya zamani", sawa, lakini hiyo haitoshi kuisema na mdomo. Tuliangalia ndani ya ufa na torchi: kulikuwa na rangi ya kijani ya zamani mule ndani, na vumbi, na nyumba ya buibui, maana yake ulifunguka kabla ya rangi mbili za mwisho. Ufa mpya unakuwa na midomo mikali na tofali safi ndani. Hata hivyo fundi akapaka kipande cha plasta juu yake, chembamba tu, akaandika tarehe na kalamu, tukaomba wasikiguse. Mvua zilipoanza nikarudi, kipande kizima, hakijakatika, maana yake ufa hautembei. Ufa wa dirisha nimeusamehe.

Chini njo penye sijasamehe. Mu vyumba vyote wamepaka rangi ya mafuta kuanzia chini mpaka kiunoni, ile rangi nzito ya kung'aa, na unaona ni mpya, bado inanuka. Mtu ataona ni usafi. Mimi nikajiuliza mbona rangi mpya inaishia kiunoni. Mu chumba cha nyuma nikafinya na kidole gumba, rangi ikazama, nyuma yake lipu imekuwa unga mweupe wa chumvi. Ni maji inayopanda kutoka chini, maana nyumba hizi zilijengwa bila kitu cha kuzuia maji katikati ya fondasio na ukuta, na ukiifunga na rangi ya mafuta haipati pa kutokea, inapanda juu zaidi. Na hiyo maji iko na chanzo: uwanja wote wamemwaga sima, tena sima imeinamia upande wa nyumba, pale lokateri wanafulia kila asubuhi. Kutengeneza si pesa ya kutisha, ni kuvunja hiyo sima ya uwanja, kuchimba kanivo (mfereji) ya kupeleka maji barabarani, kutoa ile rangi na lipu iliyooza, kuacha ukuta ukauke kiangazi mzima ndipo upake tena. Ila ni kazi ya mwaka, usifikiri utahamia mwezi ujao.

Juu sasa. Paa ni eternit, si malata (mabati ya chuma), zile bati za kijivu zenye mawimbi makubwa. Plafo (dari) ni ya tripleksi, tukafungua kipande fundi akapanda. Mbao za juu nzuri ajabu, nene, ngumu, msumari hauingii, ila upande wa jikoni muchwa wamepita, njia zao za udongo zinatoka ku ukuta zinapanda mpaka ku mbao mbili, akichoma na bisibisi inaingia kama hakuna kitu. Mbao mbili kubadilisha si neno. Eternit yenyewe njo kichwa. Imepasuka mahali pengi, wamepaka gudroni (lami) juu ya kila ufa, na zile za zamani ziko na amianti (asbesto) ndani, vumbi lake likiingia mu mapafu halitoki na linaweza kuleta ugonjwa wa kansa miaka mingi baadaye. Fundi wangu, mtu wa kazi nzuri, alitaka kuvunja kona na nyundo anionyeshe vile imeoza, nikamwambia shuka tafazali. Zikitulia hivyo juu hazina neno kubwa, hatari ni kuvunja, kukata na mashini, kufagia. Kuzitoa ni kuzilowanisha kwanza, kufungua misumari, kushusha bati nzima nzima, watu wamefunika pua na mdomo na maski ya kweli si kitambaa, na watoto wa lokateri wasiwepo. Kisha malata mapya kwa nyumba nzima. Hapo ndipo hesabu inakuwa nzito, na familia walinishangaa, kwao eternit ni sifa, "ya Wabelgi hiyo".

Umeme: konteri moja kwa nyumba na anexe zote mbili, waya za zamani, ngozi yake inakatika ukiigusa. Utoe zote. Maji robine moja uwanjani, inatoka usiku. Tuwaleti, fosi (shimo) imejaa. Kelele: siku ya mechi usitegemee kulala mapema wala kupaki gari mbele ya mlango, na mabaa ya Kamalondo hayahitaji mechi. Kama unapenda kimya, endelea tu na safari yako.

Nirudi ku makaratasi. Komisioneri (dalali) ku simu alisema "sertifika iko, shefu, kila kitu iko saafi." Sertifika njo hati ya ardhi. Tulipofika, kaka mkubwa akatoa bahasha ya plastiki kwa heshima yote, ndani kuna livre de lojeri (kitabu cha mwenye kukaa) ya zamani kwa jina la marehemu baba, fishi (karatasi) ya komine, na risiti za kodi. Sertifika hakuna, haijawahi kuwa. Sasa sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 iko wazi, ardhi ni ya Serikali, na haki ya kukaa juu yake inaonyeshwa na sertifika ya konservateri (afisa wa hati za ardhi) tu, artikle ya 219, hiyo ingine yote ni kuonyesha kwamba mlikaa pale. Livre de lojeri inasaidia kuanza kuomba sertifika, haikutoshi kununulia. Na sertifika yenyewe ikitoka, inaweza kushambuliwa mu miaka miwili ya kwanza, kwa hiyo hata wakiitoa kesho bado lazima uulize majirani na kadastri (wapimaji wa ardhi) kama hakuna mtu mwingine analalamika.

Halafu warithi. Wako saba, niliona watatu. Mmoja iko Kolwezi, mmoja Ndola, wengine "wanajua". Kujua si kuweka saini. Nimewaambia nataka hukumu ya tribinali (mahakama) inayosema warithi ni nani na nani amepewa nguvu ya kuuzisha, na saini ya kila mmoja mbele ya notere. Kaka mkubwa hakufurahi, akasema mimi niko mgumu kama Mzungu. Dada yake, yule anayekaa mu nyumba, akamjibu mbele yangu: "Yaya, huyu anasema kweli, siku ule wa Ndola atarudi atatusumbua sisi." Huyo dada ni mtu wa kufanya naye biashara.

Na kuna kitu kingine watu hawafikirii. Tukiwa tunatoka, mama mmoja mzee wa anexe ya kushoto akaniita pembeni, kwa adabu sana: "Baba, ukinunua hapa, garanti yangu nitaiuliza nani?" Alilipa garanti (amana ya kupanga) ya miezi mingi kwa familia, pesa ilishaliwa zamani, risiti yake ni karatasi ya daftari. Nikaenda kuuliza na wa anexe ya pili, ni vile vile. Hiyo lazima itoke ku bei na iandikwe mu mkataba nani anairudisha, la sivyo siku ya kwanza ya kuwa mwenye lupango unaanza na vita na mama mzee.

Mpaka na jirani pia. Bornu (alama za mpaka) mbili zinaonekana, ya nyuma kulia imefunikwa na ukuta wa anexe ya jirani. Kadastri waje kupima kabla ya dola hata moja kutoka, na hapo jirani awepo.

Komisioneri: alikula pesa ya vizite (kutuonyesha nyumba), akadanganya juu ya sertifika, akaniambia mtu mwingine analeta pesa kesho. Huyo mtu wa kesho sijamuona mpaka leo.

Walitaka dola 48.000. Baada ya hesabu ya malata, umeme, fosi, kanivo na lipu, na garanti za lokateri, nikasema 36.000, tena nalipa siku sertifika inatoka kwa jina lao, kabla ya hapo kidogo tu ya kusaidia gharama za tribinali, mbele ya notere. Kaka mkubwa alishuka mpaka 45 bila kuzungumza juu ya makaratasi. Dada ameniandikia juzi kwamba wameanza kutafuta avoka (wakili) na wa Kolwezi amekubali kuja. Wakinionyesha hukumu naweza kupanda kidogo, maana ukuta kama ule huupati tena kwa bei hiyo karibu na mjini. Kwa sasa naenda kuangalia ingine Katuba, hiyo sertifika nimeiona na macho, lakini majirani wanasema mvua ikinyesha maji inapita katikati ya lupango, ninangoja mvua kubwa niende kusimama pale.