Uzoefu wangu wa kutibu mwenyewe pikipiki ya maji ya zamani isiyochaji betri

Pikipiki yangu ya maji ina injini ya mipigo miwili yenye silinda mbili, na umri wake umepita miaka ishirini. Kwa misimu miwili ilinisumbua kwa ugonjwa uleule. Asubuhi iliwaka mara moja nilipobonyeza kitufe, lakini baada ya kuizima na kuiwasha mara nne au tano, stata, yaani mota ndogo inayozungusha injini ili iwake, iligonga mara moja tu na injini haikuzunguka. Katika kuitafutia tiba nilinunua vitu vinne, kwa mpangilio huu: betri mpya, rektifaya mpya, multimita ya dijitali (kifaa cha kupimia umeme), na chaja ndogo inayojizuia yenyewe betri inapojaa. Sasa ninaona kwamba multimita ilipaswa kununuliwa kabla ya vyote, na ndiyo sababu nitaizungumzia kwa urefu kuliko vile vingine.

Betri niliyonunua ni ya aina iliyofungwa, ambayo haiongezwi maji na haimwagi asidi mashine ikilala ubavu. Kwa chombo kinachoruka juu ya mawimbi, naiona kuwa bora kuliko ya vifuniko. Ilitia nguvu kwa wikendi tatu, kisha stata ikaanza kugonga kama zamani. Wakati huo sikuelewa kwa nini. Betri ya risasi ya volti 12 ina seli sita, kila moja ikitoa takriban volti 2.1, kwa hiyo ikijaa na kupumzika husoma kati ya volti 12.6 na 12.8. Ikiachwa siku nyingi ikiwa nusu tupu, sahani zake huota fuwele za salfeti zinazopunguza uwezo wake wa kupokea na kutoa umeme. Betri yangu ya awali ilikufa kwa namna hiyo, na mpya ilikuwa imeanza safari ileile, kwa sababu mashine haikuwa ikiirudishia kile ambacho stata ilikichukua.

Rektifaya ilifuata kwa sababu karibu kila mtu niliyemuuliza aliitaja. Kazi yake ni mbili: kuupokea umeme wa mkondo geu unaotoka kwenye koili zilizo nyuma ya sumaku za flaiwili (gurudumu zito linalozunguka pamoja na injini) na kuugeuza uwe wa upande mmoja, kisha kuuzuia usipande kupita kiasi ambacho betri inaweza kukivumilia. Niliyonunua haikutengenezwa na mtengenezaji wa mashine yenyewe. Soketi yake iliingia vizuri, matundu ya boliti yalilingana, na nyaya zake zilikuwa nene vya kutosha. Sina lawama juu yake, ila haikubadilisha chochote. Baadaye, nilipokuwa na kipimo mkononi, niliirudisha ile ya zamani na kukuta zote mbili zinatoa volti 14.3. Nilikuwa nimebadilisha kifaa kizima kwa kifaa kizima.

Ndipo nikanunua multimita. Ni ya kawaida kabisa: inapima volti za mkondo geu na za mkondo wa upande mmoja, ukinzani kwa omu, na mkondo hadi ampea 10. Waya zake ni fupi kwa kazi ya ndani ya bodi, kioo chake hakina taa, nayo haivumilii maji hata kidogo, kwa hiyo niliifunga ndani ya mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga. Kwa kazi hii kasoro hizo ni ndogo. Jambo moja la kujihadhari nalo ni tundu la ampea: kamwe usizungushe stata mita ikiwa imeunganishwa kupitia tundu hilo, kwa kuwa stata huvuta ampea nyingi mno na fyuzi ya ndani ya mita itakatika papo hapo.

Kabla ya kipimo cha kwanza niliondoa kiti na kuacha bodi ipate hewa hadi harufu ya petroli ilipoisha kabisa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutulia chini ya injini, na cheche moja kutoka kwenye kichwa cha betri inatosha kuleta maafa. Nilipohitaji kuondoa betri nilianza na waya hasi, ili spana isije ikagusa injini wakati ninalegeza upande chanya. Vilevile, sikuondoa hata waya mmoja wa betri injini ikiwa inanguruma. Wapo wanaofanya hivyo ili kujaribu kama mashine inachaji, lakini volteji hupanda ghafla bila betri ya kuituliza, na rektifaya au kifaa cha kuwasha plagi kinaweza kuungua.

Kuna pia suala la maji. Injini hizi hupozwa na maji yanayosukumwa na pampu ya mwendo, kwa hiyo nchi kavu haziwezi kuachwa zikinguruma zaidi ya sekunde chache bila kuunganishwa na mpira wa maji. Mpira nao una utaratibu wake, ambao nauweka wazi kwa sababu kuukosea huharibu injini: washa injini kwanza, kisha fungua maji, ukimaliza, funga maji kwanza, ongeza mafuta kidogo ili maji yaliyobaki yatoke kwenye ekzosi, kisha zima injini. Maji yakifunguliwa injini ikiwa imezimwa yanaweza kurudi kupitia ekzosi hadi ndani ya silinda. Hata kwa mpira nilipima kwa vipindi vifupi, kwani sili ya shafti ya pampu haipozwi kama inavyopozwa majini.

Kipimo cha kwanza kilikuwa cha betri iliyopumzika usiku kucha: volti 12.7, yaani imejaa, kwa kuwa nilikuwa nimeiazimia chaja. Injini ilipofika mizunguko 3,000 kwa dakika nilitarajia kuona kati ya 13.5 na 14.5. Nikaona 12.4. Kwa sekunde hizo chache nilijua jambo ambalo misimu miwili ya kubahatisha haikunipa: betri haikuwa mgonjwa, bali ilikuwa ikinyimwa chakula.

Nikahamia kwenye koili. Zina nyaya tatu za rangi moja zinazoingia katika rektifaya, na kipimo chake ni kuzilinganisha mbili mbili. Nilichomoa soketi na kupima ukinzani; kila jozi ilisoma omu 0.6 baada ya kuondoa ule ukinzani mdogo wa nyaya za mita zenyewe, unaoonekana ukizigusanisha ncha. Kati ya kila waya na bodi ya injini hapakuwa na njia ya umeme, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kisha, injini ikinguruma, nilipima volti za mkondo geu: jozi zote tatu zilisoma sawasawa na kupanda pamoja kadiri mizunguko ilivyoongezeka. Kama jozi moja ingebaki nyuma, ningelazimika kufungua kifuniko cha mbele na kuvuta flaiwili kwa kifaa chake maalumu, kazi ambayo ilinitia hofu. Namshauri yeyote asivute flaiwili kabla ya kupima hivi.

Baada ya hapo nilipima kwenye waya wa rektifaya unaotoka kuelekea betri, ncha nyingine ya mita ikigusa bodi ya rektifaya. Volti 14.3. Betri, umbali usiozidi mita moja na nusu, inapata 12.4. Kwa hiyo volti 1.9 zilikuwa zikipotea njiani, na njia hiyo haina kitu ila nyaya, fyuzi na viungo.

Kipimo kilichonionyesha zinapopotelea ndicho ninachotamani kila mwenye mashine kuukuu akijue. Badala ya kupima kati ya chanya na hasi, mita huwekwa kwenye ncha mbili za waya uleule wakati umeme unapita. Waya mzima na viungo safi huonyesha karibu sifuri, na mimi huanza kushuku chochote kinachozidi volti 0.2. Niliweka ncha moja kwenye waya wa rektifaya na nyingine kwenye kichwa chanya cha betri: 1.5. Kutoka bodi ya rektifaya hadi kichwa hasi: 0.4. Hesabu ikafungana. Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba hakidanganyiki kama kile cha omu. Waya uliobakiwa na nyuzi mbili tu huweza kusoma omu karibu sifuri ukiwa umetulia, lakini ukipitishiwa mkondo udhaifu wake hujitokeza.

Nilisogeza ncha hatua kwa hatua hadi kwenye kishikizo cha fyuzi ndani ya kisanduku cha umeme. Fyuzi ilikuwa nzima na ilionekana safi kwa juu, lakini nilipoivuta, midomo ya kishikizo ilikuwa na unga wa kijani, na waya ulioingia humo ulikuwa mgumu kuliko kawaida. Nilipochuna mpira wake nilikuta shaba nyeusi, na weusi ulipanda kwa sentimita kumi ndani ya ganda lisilo na jeraha lolote kwa nje. Maji yaliyokuwa yamejikusanya kisandukuni kupitia sili iliyochoka yalifyonzwa na nyuzi za waya kama utambi unavyofyonza mafuta ya taa.

Nilikata hadi nilipofikia shaba inayong’aa, nikaunganisha kipande cha waya wa shaba iliyopakwa bati, ambao huvumilia unyevu kuliko shaba tupu, nikaubana kwa koleo la kubania na kuufunika kwa mpira unaosinyaa kwa joto wenye gundi ndani. Kishikizo kipya ni cha aina iliyozibwa, na fyuzi ni ya ampea zilezile, kwani kuweka kubwa zaidi ni kualika moto. Upande hasi ulikuwa rahisi: nilifungua boliti ya ethi, ile inayoshika waya hasi kwenye injini, nikasugua kwa brashi ya waya hadi chuma kikaonekana, nikafunga kwa nguvu na kupaka grisi juu baada ya kufunga. Sili ya kisanduku niliibadilisha pia.

Vipimo vya baadaye vilisoma 0.07 upande chanya na 0.04 upande hasi, na betri ikapata volti 14.2. Nilipima pia mkondo unaovuja swichi ikiwa imezimwa, nikakuta miliampea 3 tu, kwa hiyo sikuendelea na hilo.

Chaja niliinunua mwisho, nami naitumia kila ninaporudi nyumbani. Koili za mashine ndogo za zamani hutoa ampea chache, nazo zinatosha kurudisha kilichotumiwa na stata mtu akiendesha kwa muda wa kutosha, lakini hazitoshi kufufua betri iliyolala tupu. Chaja yangu ya ampea 2 inaifaa betri ya ukubwa huu, kwa maana ni karibu sehemu moja ya kumi ya uwezo wake, na ikimaliza hushuka na kubaki kwenye volti 13.5. Kasoro yake moja hunikera: betri ikishuka sana haiitambui na inakataa kuanza. Kwa anayeitumia mara kwa mara hilo halitatokea, ila anayeinunua ili kuokoa betri iliyokwisha kufa atakata tamaa.

Rektifaya ya ziada imefungwa kwenye mfuko mkavu, na ile ya zamani ndiyo inayofanya kazi. Wiki iliyopita, nilipokuwa nikikagua waya za pampu ya kutolea maji ya ndani ya bodi, niliona doa la kijani kwenye kiungo kimoja karibu na swichi yake. Mita inaonyesha kwamba volti 0.3 zinapotea hapo, nami nitakikata kiungo hicho kabla ya kuishusha mashine majini tena.