Star Trek ya 1966 kwenye Blu-ray: diski 20, na namna ya kuzitazama vizuri

Habari zenu watazamaji, karibuni. Mezani leo kuna boksi la Star Trek ile ya kwanza kabisa, tamthilia ya safari za angani, ya Kapteni Kirk, Spock mwenye masikio ya ncha na Daktari McCoy asiyeisha kulalamika. Ni misimu yote mitatu kwenye Blu-ray. Diski zipo 20: msimu wa kwanza 7, wa pili 7, wa tatu 6. Epizodi ni 79, na kila moja ina dakika 50 hivi, kwa hiyo mkiziunganisha mfululizo mnapata kama saa 66. Msiziunganishe.

Hii tamthilia ilianza kurushwa na NBC ya Marekani tarehe 8 Septemba 1966, epizodi ya mwisho ikatoka tarehe 3 Juni 1969, kituo kikiwa kimeshaamua kuifuta kwa sababu watazamaji hawakutosha. Kwa nini basi mtu atoe pesa yake leo? Jibu letu tunalitoa mapema ili asiyekubali ajiandae kubisha: kinachoibeba mpaka leo ni ufukara wake. Hela za kuonyesha mambo makubwa hazikuwepo, ikabidi mambo makubwa yasemwe na watu wawili watatu waliosimama kwenye chumba kimoja. Maneno mazuri hayachakai haraka kama plastiki.

Chukueni ile mashine ya kuwayeyusha watu hapa na kuwakusanya kule chini kwenye sayari. Imezaliwa na ukata. Kukitua chombo kizima cha angani kila wiki kungemaliza bajeti, ndipo wakabuni njia ya kumfikisha mtu sayarini kwa sekunde chache. Ule mmeto mnaouona ni unga wa aluminiamu: kamera ya mwendo wa taratibu ilipinduliwa juu chini, unga ukadondoshwa mbele ya pazia jeusi huku ukimulikwa kwa nyuma. Basi. Ila tazameni faida yake kwa mwandishi: hadithi inaingia kwenye mgogoro dakika ya tatu, hakuna safari ya kutua wala kuruka.

Mfano mwingine upo kwenye "The Man Trap", epizodi ya kwanza kurushwa, inayohusu kiumbe mwenye njaa ya chumvi. Zilinunuliwa vichupa vya kunyunyizia chumvi vyenye umbo la ajabu ajabu. Walipoviangalia wakaona mtazamaji hatatambua kwamba hivi ni vya chumvi. Vikapelekwa kwa Daktari McCoy vikawa vifaa vyake vya upasuaji. Mkimwona anampitishia mgonjwa kitu kinachong'aa, mjue huenda kilitakiwa kiwe mezani karibu na pilipili.

Kwa kuwa tumeitaja "The Man Trap", kuna jambo linalotuhusu sisi tunaozungumza lugha hii. Kiumbe huyo hubadilika akawa mtu unayetamani kumwona. Kwa Luteni Uhura, afisa wa mawasiliano wa chombo, anajitokeza kama kijana Mwafrika na kumsemesha Kiswahili, naye Uhura anamjibu. Lafudhi ni ya Hollywood, mtaitambua kwa neno la kwanza, lakini kumbukeni mwaka: 1966, Kenya ina miaka mitatu tu tangu bendera ipandishwe. Jina lenyewe Uhura ni "uhuru" uliokatwa mkia. Nichelle Nichols, mwigizaji wake, alisimulia kwamba siku ya usaili alikuwa ameshika kitabu kinachohusu Kenya kilichoitwa Uhuru, na Gene Roddenberry, mwanzilishi wa tamthilia, akalilainisha neno kwa kubadili herufi ya mwisho. Jina la kwanza, Nyota, halimo kwenye hizi diski. Lilitamkwa rasmi kwenye filamu ya 2009. Kiswahili kinarudi msimu wa pili kwenye "The Changeling", pale mashine inapomfuta kumbukumbu na kumlazimu afundishwe upya. Akikwama kwenye Kiingereza, kinachomtoka ni Kiswahili.

Tusidanganyane hapo. Uhura kapewa kiti kizuri na kazi kidogo. Epizodi nyingi anachofanya ni kufungua mawasiliano. Na epizodi ya mwisho, "Turnabout Intruder", hadithi yake nzima inasimama juu ya wazo kwamba mwanamke hapewi ukapteni. Hilo limezeeka vibaya, na hakuna rangi mpya inayoweza kulisitiri.

Sasa twende kwenye diski zenyewe, maana hapa ndipo wengi wanaponunua kitu wasichokitaka.

Kuanzia 2006 hadi 2008, CBS waliisafisha tamthilia nzima kutoka kwenye negativu za milimita 35, na madoido ya picha, yaani vyombo angani, sayari na miale, wakayatengeneza upya kwa kompyuta. Blu-ray za 2009 zina matoleo yote mawili ndani ya diski moja: madoido ya asili na madoido mapya. Mnachagua kwenye menyu kabla epizodi haijaanza, au kwenye deki nyingi mnabonyeza kitufe cha ANGLE kwenye rimoti wakati picha inaendelea. Deki ya zamani ambayo programu yake haijasasishwa inaweza kusita kidogo inapovuka kutoka toleo moja kwenda jingine. Sasisheni kwanza kabla ya kuilaumu diski.

Hiyo nafasi ya kuchagua ndiyo sababu ya kununua boksi hili. DVD za 2004 zina madoido ya asili peke yake, na picha haijasafishwa. DVD zilizofuata, za kuanzia 2007, zina madoido mapya peke yake. Na kuna mtego: msimu wa kwanza ulitoka pia mwaka 2007 kwenye diski za pande mbili, upande mmoja DVD, upande mwingine HD DVD. HD DVD, mfumo uliokuwa ukishindana na Blu-ray, iliachwa na Toshiba mwenyewe mwaka 2008. Deki ya Blu-ray haitausoma upande huo hata mkiusugua kwa hariri. Ukiona boksi la msimu wa kwanza linauzwa bei ya kutupa, soma maandishi ya kavani kwanza.

Misimbo ya kanda, yaani kufuli la kuzuia diski ya eneo moja isichezwe kwenye deki ya eneo jingine, nayo ina kesi. Kwa Blu-ray, Afrika iko kanda B pamoja na Ulaya. Marekani ni A. Kwa DVD, Kenya na Tanzania ziko kanda 5, Ulaya 2, Marekani 1. Angalieni herufi au namba nyuma ya boksi, kisha mlinganishe na deki yenu. DVD za Ulaya zina tatizo la ziada: mfumo wa PAL unaendesha filamu picha 25 kwa sekunde badala ya 24, kwa hiyo epizodi ya dakika 50 inaisha kwenye 48 na sauti inapanda kidogo. Hakuna kilichokatwa, imekimbizwa tu. Blu-ray haina shida hiyo.

Kukatwa kwenyewe kupo, lakini ni kwenye nakala zilizokuwa zinauzwa kwa vituo vya televisheni. Kadiri matangazo yalivyorefuka, vipande vya hadithi vikakatwa. Kama epizodi mliyonayo ni ya dakika 42 au 43, mmepunjwa. Na faili la kunakiliwa mtaani, hata liwe safi namna gani, hubeba toleo moja la madoido.

Tuje kwenye runinga. Picha ni ya mraba-mraba, uwiano wa 4:3, hivyo lazima kuwe na mistari myeusi kulia na kushoto. Muiache. Mkiivuta ijae kioo, Kirk ananenepa na chombo chake, Enterprise, kinakuwa sahani. Kisha zimeni ule ulainishaji wa mwendo: Samsung wanauita Auto Motion Plus au, kwenye runinga mpya, Picture Clarity, LG TruMotion, Sony Motionflow. Ukiachwa umewashwa, picha inateleza kama tamthilia ya mchana na mbao za seti zinajianika. Punguzeni ukali wa picha, na kipunguza chembechembe kizimwe pia, kwa sababu chembechembe hizo ni za filamu yenyewe. Mkizifuta mnafuta na vinyweleo vya uso wa Spock.

Mtagundua kwamba kwenye madoido ya asili, chombo kinapopita angani, chembechembe zinaongezeka ghafla. Diski si mbovu. Zamani picha ya chombo, ya nyota na ya miale zilipigwa mbalimbali, kisha zikaunganishwa kwa kupigwa picha tena juu ya filamu nyingine. Kila duru ya kuunganisha inaongeza chembechembe na kufifisha rangi. Na kwa kuwa kila picha ya chombo iligharimu, walizirudia zile zile mpaka mtazikariri.

Je, mpya ni bora? Inategemea epizodi. Ushahidi mzuri ni "The Doomsday Machine" ya msimu wa pili, ile ya mtambo mkubwa unaokula sayari. Kwa mujibu wa mwandishi wake, Norman Spinrad, mtambo ule ni mfuko wa kupimia upepo wa uwanja wa ndege uliochovywa kwenye saruji. Meli iliyoharibiwa, Constellation, ni modeli ya plastiki ya dukani iliyounguzwa, na namba yake NCC-1017 ni stika za NCC-1701, namba ya Enterprise, zilizopangwa upya. Toleo jipya hapa linasaidia: mtambo unapata ukubwa, mabaki ya sayari yanaelea. Lakini chezeni tena mkimtazama William Windom kama Komodoo (Commodore) Decker, akiwa kaanguka kitini, midomo inatetemeka. Hapo hakuna kompyuta, na ndipo epizodi nzima ilipo. Kwingine kazi ya 2006 inang'aa kupita kiasi, mithili ya mchezo wa kompyuta wa wakati ule, kisha inakatiwa kwenye filamu yenye chembechembe, jicho linajikwaa. Ushauri wetu: mara ya kwanza tazameni ya asili. Mikono ya miaka ya sitini inaendana na maigizo ya miaka ya sitini.

Usafi wa picha una fedheha zake, lakini. Mtaona sura za watu walioigiza badala ya Kirk kwenye mapigano ya ngumi. Mtaona mlango unaochelewa kufunguka, kwa kuwa ulivutwa na mtu aliyejificha nyuma ya ukuta. Na mashati: yale ya dhahabu ya ukapteni yalikuwa ya kijani, taa na filamu ndivyo viliyageuza. Rangi kali kiasi hicho hazikuwa bahati mbaya. NBC ilikuwa mali ya RCA, na RCA walikuwa wanauza runinga za rangi. Kitambaa cha misimu miwili ya kwanza kilikuwa kinasinyaa kila kikifuliwa, ndiyo maana msimu wa tatu mashati yana mng'ao mwingine: waligeukia kitambaa cha nailoni.

Mpangilio wa diski unafuata tarehe za kurushwa, na hapo mgeni huchanganyikiwa. Epizodi ya majaribio, "Where No Man Has Gone Before", ilirushwa ya tatu: sare tofauti, McCoy hayupo, Uhura hayupo. "The Corbomite Maneuver" ilitengenezwa mwanzo kabisa wa msimu lakini ikarushwa Novemba, kwa kuwa madoido yake yalichelewa. Kwa hiyo anzeni na "Where No Man Has Gone Before", halafu "The Corbomite Maneuver", halafu "Balance of Terror".

Hiyo ya tatu ndiyo tungemwekea mtu anayedai hapendi mambo ya anga. Vyombo viwili vinawindana, kimoja hakionekani, manahodha wawili hawakutani na kila mmoja anamheshimu mwenzake. Ni vita ya nyambizi iliyopandishwa mbinguni. Ukata upo hata humo: Waromulani, ndio maadui wa humo, wengi wamevaa helmeti ili wasitengenezewe masikio ya ncha, maana kila jozi ilikuwa kazi na gharama. Mle mle ndani ya chombo cha Kirk, afisa mmoja anaanza kumshuku Spock kwa sababu tu amefanana na adui. Sehemu hiyo inatazamwa leo kana kwamba imeandikwa juzi.

Baada ya hapo wekeni "The Devil in the Dark", halafu "The City on the Edge of Forever". Hatutasimulia zinavyokwisha. Msimu wa pili fungueni na "Amok Time", ambamo salamu ya Wavulkani, watu wa kwao Spock, ya vidole vilivyogawanyika inaonekana kwa mara ya kwanza, na msiiruke "The Trouble with Tribbles". Diski za msimu huo zina pia epizodi ya mwaka 1996 kutoka Deep Space Nine, tamthilia nyingine ya Star Trek, iliyoingiza wahusika wapya ndani ya picha za ile ya zamani. Itazameni baada ya "The Trouble with Tribbles", si kabla.

Msimu wa tatu ni pa kuchagua. Bajeti ilipunguzwa, muda ukasogezwa Ijumaa saa nne usiku wakati vijana wako matembezini, na msimu unafunguliwa na "Spock's Brain", ambamo ubongo wa Spock unaibiwa. Ndiyo, unaibiwa. Hapo hoja yetu ya ufukara inagota: hela ikipungua na mwandishi naye akichoka, hakuna cha kushikilia. Ila msiuuze msimu huo, kwa kuwa diski zake ndizo zenye "The Cage", jaribio la kwanza kabisa, ambamo kapteni ni Pike na Spock anatabasamu. Na mkinunua boksi lililotumika, hesabuni diski mbele ya muuzaji, mzigeuze kwenye mwanga, na mjaribu diski moja ya kila msimu kwa kubonyeza ANGLE kabla hamjalipa.