Bethidei ya mama kwenye mkahawa mpya wa Chake, wanapika cha msimu kweli

Najua wengi mnataka kujua tu kama panafaa au hapafai, basi nendeni, panafaa sana. Nazungumzia ule mkahawa mpya hapa Chake Chake, Pemba, njia ya Wesha, wenye baraza ya makuti. Mama katimiza miaka 60 wiki hii ya Mapinduzi, tukaenda familia nzima usiku, wakubwa na watoto, na hakuna aliyetoka na njaa.

Hawana menyu ya kudumu. Kuna ubao wa chaki pale mlangoni, kilichopatikana leo ndio kimeandikwa, na kisichopatikana hupikiwi hata ukibembeleza. Mie nilipopiga simu kubuku nikataka pweza wa nazi maana mama ndio kipenzi chake, yule dada aliyepokea akanambia kaka siku hiyo sikuahidi, maji yatakuwa mafu, hayatoki sana, wanaoshuka mwambani hawapati kitu mpaka bamvu maji yakitoka mbali, na pweza wa friji sie hatuweki. Wallahi nikafurahi kuliko angenambia ndio! Kuna mahali pweza yupo mwezi mzima, bamvu na maji mafu yupo tu, ukimtia mdomoni unatafuna mpaka taya zinauma. Mtu anayekwambia habari za bamvu na maji mafu huyo ujue ananunua kwa mvuvi mwenyewe.

Sasa hivi ni msimu wa kaskazi, bahari shwari, samaki wakubwa wapo, kwa hiyo tukapata nguru wa kupaka na hapa niacheni niseme kidogo. Samaki kachomwa kwenye makaa, tui zito lina ukwaju, thomu (kitunguu saumu), tangawizi na pilipili mbichi, anapakwa anageuzwa anapakwa tena, taratibu, mpaka tui limeshika juu ya nyama na pembeni limeungua kidogo, lile la kuungua ndio tamu lenyewe watoto waligombania. Siku hizi watu wanakaanga samaki halafu wanamwagia mchuzi juu wanaita kupaka, jamani huo ni mchuzi tu. Hawa wanajua.

Mama yangu si mtu wa kula nje, yeye chakula cha mkahawani anakionja kwanza kwa ncha ya kidole. Akaonja kisamvu, akanyamaza, akaonja tena, halafu akaomba aitwe mpishi. Akaja kijana tu wa makamo, "shkamoo mama", "marahaba mwanangu, hili tui umekuna au la pakti?" Yule kijana akarudi jikoni akaja na mbuzi ya kukunia nazi mkononi bado ina machicha! Mama akacheka akamwambia Mungu akubariki. Basi hapo tena akala kwa raha zake, kisamvu, muhogo wa nazi, majimbi, ng'onda (samaki mkavu) wa kuchoma pembeni na achari ya embe mbichi ambayo mie ningekula hiyo peke yake na wali.

Na hiki ndio kilichonigusa hasa. Muhogo na majimbi kwetu tumeshafanya ni chakula cha nyumbani wakati hakuna kitu, akija mgeni tunaficha tunakimbilia chipsi kuku na soda, harusi yenyewe ukipeleka majimbi watu watakusema. Embe zetu zinapakiwa kwenye boti Mkoani zinakwenda Unguja na sie huku mezani tunaweka juisi ya boksi. Pale muhogo umewekwa katikati ya meza, kwenye sahani nzuri, umepikwa kwa heshima, na waliokuwa wanakula ni wenyeji, watu wa Chake na wengine walisema wametoka Wete na Mkoani. Hakipikwi kwa ajili ya wageni wa hoteli tu, ni chakula chetu tunapikiwa sie. Mie nataka watoto wangu wakue wanaona hivyo.

Niliwauliza na mchele, wakasema ukweli kwamba ni wa Mbeya, wa hapa unavunwa baada ya masika na ulishaisha, ukivunwa ndio wataweka. Sawa, bora kusema.

Keki hawapiki, wakatupendekezea mkate wa mayai, wakautia hiliki, umechambuka vizuri, mama akaukata watu wakaimba. Juu yake embe boribo zimekatwa na kahawa ya tangawizi. Halua ilikuwa ya Wete, tamu kama kawaida yake.

Kasoro zipo. Chakula kilichelewa mno, tulikaa karibu saa nzima na watoto wakaanza kulia, wangeleta hata kachori au bajia za kushikia roho mtu asubiri. Taa za upande wa bustani ni hafifu, wazee wanapanda ngazi kwa kupapasa, hili warekebishe haraka kabla mtu hajaanguka. Na mbu wapo, mkae ndani kama mna watoto wachanga.

Bei, samaki mzima wa kupaka wa watu wanne shilingi 45,000, kisamvu na muhogo 5,000 kila sahani, mkate wa mayai 15,000 lakini uwaambie siku moja kabla. Kwa mishahara yetu si pa kwenda kila wiki, ila kwa shughuli kama hii sioni kama nimeibiwa. Anayetaka pweza apige simu aulize maji kwanza, aende bamvu la mwezi mpevu au mwezi ukiandama. Kadi hawapokei, pesa taslimu au za simu, na Ijumaa usiku bila kubuku hupati meza.